Sidi Mubarak Bombay: Mwaminifu wa Misafara

Mpenzi msomaji, ukitoka Mwandiga, penye njia ya Manyovu, ukashuka kwenda Kigoma na Ujiji, macho yako hufika ziwani kabla ya miguu. Jambo hilo lilimpata pia msafiri Mwingereza Richard Burton mwezi Februari 1858. Maradhi yalikuwa yamemlemaza asiweze kutembea, na mwenzake John Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho. Burton aliona mbele yake utepe wa mwanga chini ya vilima, akamwuliza mtu aliyekuwa karibu naye ni kitu gani kile. Mtu huyo akajibu kwa utulivu kwamba, kwa maoni yake, hayo ndiyo maji. Ndiye Sidi Mubarak Bombay, ambaye maisha yake yanatufaa sisi tunaotaka kujua jinsi mtu anavyopata imani ya wenziwe kazini.

Alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao. Akali mtoto, alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, akapelekwa Kilwa na kuuzwa, kisha akavushwa bahari mpaka Bara Hindi. Huko watu weusi waliitwa Masidi, na huko alijifunza Kihindustani. Bwana wake alipokufa aliachwa huru, akarudi Unguja, akawa askari katika kikosi cha Sultani huko Chogwe, karibu na mto Pangani. Burton na Speke walimkuta hapo mwaka 1857. Walipendezwa naye hata wakamlipia madeni aliyokuwa nayo, naye akakubali kufuatana nao.

Sasa tazama tabia yake. Alifanya kazi kwa nguvu kuliko wenziwe, wala hakujipamba. Burton ameandika kwamba Bombay alisema waziwazi kuwa hatumiki kwa ajili ya mapenzi kwa Wazungu, bali kwa kuwa tumbo lake ladai haki yake. Wako watakaolicheka jibu hilo. Mimi naliona kuwa ni la mtu safi: asiyekuficha sababu ya kazi yake, yaelekea hatakuficha hesabu yake pia. Speke naye alishuhudia kwamba unyofu wa mtu huyu hakuuona kwa mwingine, na kwamba hakuwa tayari kutenda ovu kwa faida yake mwenyewe. Lakini Speke hakuacha kutaja dosari: kwa kumpendeza mtu mwingine, Bombay aliweza kutenda karibu lolote. Ndugu msomaji, hilo ni jaribu la kila kiongozi mwenye moyo mwema, na ni gumu kuligundua kwa sababu hufanana na ukarimu.

Fikiri pia juu ya kazi yake ya ukalimani. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha. Alisema na Bombay kwa Kihindustani, na Bombay akayapeleka maneno kwa wapagazi na wenyeji. Mtu wa namna hiyo akipinda neno moja tu, nani atamgundua? Bwana hajui, wapagazi hawajui. Hata hivyo Speke alimchukua tena na tena: mwezi Machi 1858 walivuka ziwa kutoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Kasenge kutafuta jahazi, wakarudi bila kulipata, na mwezi Agosti mwaka huo huo walilifikia ziwa kubwa la kaskazini, karibu na Mwanza.

Katika safari ya pili, 1860 mpaka 1863, uaminifu huo ulipimwa kwa uchungu. Siku moja waligombana, na Speke akampiga kwa mkono wake mwenyewe. Henry Stanley alipomwona Unguja mwaka 1871 alikuta pengo la meno ya mbele, akaelezwa lilivyotokea. Hata hivyo Bombay alifika mpaka Cairo, na Speke akamfanya mkuu wa wanaume 18 waliobaki naye hata mwisho. Chama cha Jiografia cha Kifalme cha Uingereza kilimtunukia nishani ya fedha.

Stanley alimwajiri kuwa mkuu wa askari wake, wakafika Ujiji mwaka 1871 na kumkuta Livingstone. Njiani, kwenye mto Gombe, wapagazi walitaka kukaa na kupumzika, Stanley akataka kuondoka. Alimshuku Bombay kuwa upande wao, akampiga na kumtia minyororo. Vitabu vya Stanley vimemlaumu sana. Nami nauliza: mnyapara aliyesimama kati ya bwana mwenye haraka na watu waliochoka, angewezaje kupendeza pande zote mbili? Lakini haki itendeke: Verney Lovett Cameron, aliyesafiri naye kuanzia 1873, alilalamika pia juu ya uvivu na ulevi wake. Kwa Mwislamu lawama ya pombe ni nzito, wala hatuna haja ya kuifunika ili tumsifu.

Pamoja na hayo, Cameron hakumwacha. Walipita Ujiji mwezi Februari 1874, wakavuka bara zima, na mwezi Novemba 1875 wakatokea bahari ya magharibi, pwani ya Angola. Kutoka huko wale wapagazi walirudishwa Unguja kwa njia ya bahari. Mtoto aliyeuzwa Kilwa alikuwa amekwisha kusafiri kutoka Unguja mpaka Misri, na tena kutoka pwani ya mashariki mpaka ya magharibi.

Chama kile cha Jiografia kilimpa pensheni ya maisha. Aliishi Unguja kwa fedha hiyo hadi alipofariki mwaka 1885.