Dorothy Brooke: Mama aliyenunua farasi 5,000 waliochoka

MKULIMA au mfanyabiashara mdogo anayetegemea punda kubeba maji, maziwa au magunia anajua kwamba siku mnyama akilala chini, na kazi imelala. Mama mmoja Mwingereza aliliona jambo hilo jijini Cairo, Misri, zaidi ya miaka 90 iliyopita, na alichokianzisha kinawafaa wenye wanyamakazi hadi leo.

Mama huyo ni Dorothy Brooke, aliyezaliwa mwaka 1883. Alifika Misri mwaka 1930 akifuatana na mumewe, Geoffrey Brooke, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyepelekwa huko kuongoza kikosi cha wapanda farasi.

Waliouzwa baada ya vita

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Uingereza ilitumia maelfu ya farasi Misri na Palestina kupigana na majeshi ya Uturuki. Vita vilipokwisha mwaka 1918, kuwarudisha farasi hao kwao kwa meli kulionekana ni gharama kubwa mno. Wengi waliuzwa huko huko, wakaishia kuvuta mikokoteni na kubeba mizigo mizito.

Dorothy aliwakuta miaka 12 baadaye. Aliwatambua kwa alama ya mshale ambayo jeshi liliwachoma nayo. Walikuwa wamezeeka na mbavu zinahesabika. Wengine walikuwa vipofu, wengine wanachechemea, na wengi walikuwa na vidonda vilivyosababishwa na hatamu na matandiko yasiyowakaa vizuri. Mmoja wa wale wa mwanzo aliowaokoa alipewa jina la Old Bill.

Alinunua, hakunyang'anya

Ingekuwa rahisi kuwalaumu wenye farasi. Lakini Dorothy aliona kuwa nao walikuwa maskini. Farasi yule mkongwe ndiye aliyeleta mkate nyumbani, na kumchukua bure kungewaacha watoto wa mwenye mkokoteni bila chakula. Kwa hiyo aliamua kununua. Mwenye mali aliondoka na fedha mkononi, naye farasi akaondoka kwenye mateso.

Tatizo lilikuwa mtaji, kwa kuwa fedha za mtu mmoja zisingetosha. Aprili 1931 aliandika barua kwa gazeti la Morning Post la London, akieleza hali ya farasi waliolitumikia taifa na kuomba msaada. Wasomaji walichanga. Kamati ya ununuzi iliundwa, na katika muda wa miaka mitatu hivi farasi wapatao 5,000 walinunuliwa.

Sehemu ngumu ya kazi hiyo ilikuja baada ya malipo. Farasi wengi walikuwa wamekwisha kiasi kwamba tiba isingewasaidia tena. Walipewa siku chache za kupumzika, majani, maji safi na malalo laini, kisha wakauawa kwa njia isiyo na mateso. Kwa mtu aliyewapenda farasi, uamuzi huo ulikuwa mchungu. Lakini kuwauza tena kungewarudisha kwenye mikokoteni ile ile.

Kutoka kununua hadi kutibu

Farasi wa vita walipokaribia kwisha, swali likabaki. Mwenye mkokoteni aliyeuza farasi mzee alihitaji mnyama mwingine, na huyo naye, bila tiba wala matunzo, angefika pale pale. Kununua peke yake kulikuwa sawa na kuchota maji ya bomba lililopasuka bila kuliziba.

Mwaka 1934 Dorothy alianzisha jijini Cairo hospitali ya kuwakumbuka farasi wa vita. Ilitoa tiba bure kwa farasi, punda na nyumbu wa mizigo wa watu wa kipato cha chini. Sasa mnyama angeweza kutibiwa mapema, angali na nguvu, kisha akarudi kwa mwenyewe na kuendelea na kazi.

Dorothy alifariki Cairo mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 72. Kazi yake haikufa naye. Hospitali ile ilizaa shirika linaloitwa Brooke, ambalo limefika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Latini. Nchini Kenya lilianza kazi mwaka 2001, hasa kwa wenye punda.

Punda bado wana thamani kubwa katika bara hili. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, baada ya idadi yao kupungua na familia zinazowategemea kupata hasara.

Wapo wanaosema punda afe mzigo ufike. Hesabu ya Dorothy Brooke ilikuwa tofauti: punda akifa leo, mzigo wa kesho haufiki. Tandiko linalomkaa vizuri, mzigo wa kiasi, maji ya kutosha na kidonda kinachotibiwa mapema vina gharama ndogo kuliko kununua punda mwingine.