Askofu de Hemptinne wa Katanga

Jean-Félix de Hemptinne alizaliwa mwaka 1876 huko Ghent, Ubelgiji, katika ukoo wa heshima na mali. Aliuacha utajiri huo, akawa mtawa wa Wabenediktini. Mwaka 1910 alitumwa Katanga kuongoza misheni ya Kikatoliki. Mwaka 1932 akawekwa kuwa askofu. Alijenga makanisa na shule, akishirikiana na serikali ya kikoloni na Union Minière. Wazee wetu Waprotestanti aliwapinga waziwazi. Alifariki Élisabethville mwaka 1958.

Wapendwa wa Lubudi, mtu huyu aliacha mali ya baba yake, lakini hakuachana na wakubwa wa dunia. Nasi leo, tunaoishi kati ya makampuni ya madini, tujiulize: kanisa letu linasimama upande wa nani?