Hashimoto: Daktari wa Japani ambaye jina lake hutajwa kwa wagonjwa wengi wa thairoidi

Wagonjwa wengi wa tezi ya thairoidi hulisikia jina Hashimoto kwa mara ya kwanza wakiwa mbele ya daktari. Wapo wanaodhani ni jina la mdudu au dawa. Kumbe ni la mtu.

Hakaru Hashimoto alizaliwa Mei 5, 1881 eneo la Iga, mkoa wa Mie, nchini Japani. Kwao udaktari ulikuwa kazi ya ukoo, naye akafuata njia hiyo hiyo.

Mwaka 1903 alijiunga na chuo cha udaktari mjini Fukuoka, ambacho baadaye kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kyushu. Alihitimu 1907, akiwa katika kundi la kwanza kabisa la wahitimu wa chuo hicho.

Akabaki pale pale kwenye idara ya upasuaji, chini ya Profesa Hayari Miyake. Hapo ndipo alipochunguza tezi za wanawake 4 waliofanyiwa upasuaji kwa sababu ya uvimbe shingoni.

Alichokiona kwenye hadubini hakikuwa cha kawaida. Tezi zilikuwa zimejaa chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, huku nyama yenyewe ya tezi ikiharibika. Haikuwa saratani, wala haikufanana na goita waliyoizoea madaktari.

Mwaka 1912 aliandika matokeo yake kwa Kijerumani katika jarida la upasuaji la Ujerumani. Lakini habari hiyo haikutikisa mtu. Kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya na Marekani waliona ni hatua ya mwanzo tu ya ugonjwa mwingine wa tezi.

Yeye mwenyewe alikwenda kusoma zaidi mjini Göttingen, Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914, mipango ikavurugika na ikabidi arudi Japani.

Kufikia 1916 alikuwa ameshaachana na mambo ya chuo kikuu. Alirudi kwao Iga, akawa daktari wa watu wa kawaida, na kazi hiyo aliifanya mpaka mwisho. Alifariki Januari 9, 1934 kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 52.

Miaka 3 kabla ya kifo chake, daktari wa upasuaji wa Marekani, Allen Graham, alikuwa ameonyesha kwamba ugonjwa ule ni wa peke yake, tena akautaja kwa jina la Hashimoto. Lakini chanzo chake bado kilikuwa fumbo.

Fumbo lilifumbuliwa 1956. Mjini London, Deborah Doniach, Ivan Roitt na wenzao walikuta kwenye damu ya wagonjwa kingamwili zinazoilenga tezi yao wenyewe. Mwaka huo huo nchini Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky walionyesha jambo kama hilo kwa sungura.

Yaani ni kinga ya mwili inayomgeuka mwenyewe. Zile chembe nyeupe ambazo Hashimoto aliziona 1912 zilikuwa kazini, zikishambulia tezi.

Sasa, ni wangapi wenye ugonjwa huu? Ni wengi kweli. Katika nchi ambazo watu wanapata madini joto ya kutosha, Hashimoto ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya tezi kufanya kazi chini ya kiwango. Wanawake huugua mara kadhaa zaidi ya wanaume.

Hata upande wa pili, tezi inapofanya kazi kupita kiasi, sababu kubwa ni ugonjwa wa Graves, ambao nao ni wa kinga kujishambulia.

Kwetu Afrika Mashariki, goita imezoeleka kuhusishwa na upungufu wa madini joto, na ndiyo maana yanawekwa kwenye chumvi. Lakini mtu anaweza kula chumvi hiyo kila siku na bado akaugua Hashimoto.

Uchovu usioisha, kuhisi baridi wakati wenzako wanaona joto, kunenepa bila sababu, choo kigumu na ngozi kukauka ni baadhi ya dalili. Kipimo cha damu huonyesha kiwango cha homoni na zile kingamwili. Tezi ikishindwa kazi, kidonge cha homoni cha kila siku hujazia pengo, na wengi huishi nacho vizuri tu.