Charles Rick na nyanya pori

Msikilizaji, ukiona nyanya zako zimedumaa na zinanyauka mchana ilhali umemwagilia, ng'oa mche mmoja utazame mizizi. Ikiwa na vinundu, hao ni minyoo fundo. Leo zipo mbegu zenye kinga, na mmoja wa waliorahisisha kuzipata ni Charles Rick.

Rick alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1915. Mwaka 1940 alijiunga na Chuo Kikuu cha California kule Davis, akafanya kazi hapo hadi uzeeni. Kuanzia 1948 alikwenda mara nyingi Peru na nchi jirani, nyumbani kwa nyanya pori, kukusanya mbegu. Matunda yake ni madogo, mengine hubaki kijani hata yakiiva. Wewe na mimi tungeyapita tu.

Mbegu alizotoa visiwa vya Galápagos zilimsumbua, kwani hazikuota. Akafikiria kobe wakubwa wa huko, wanaokula matunda hayo. Rafiki yake aliyefuga kobe wawili akawalisha nyanya, na mbegu zilizotoka kwenye kinyesi zikaota vizuri. Tumbo la kobe lilikuwa limelainisha ganda lake gumu.

Turudi kwa minyoo. Kinga ilitoka kwenye nyanya pori ya Peru, nayo ilishaingizwa kwenye nyanya za shambani tangu miaka ya 1940. Tabu ilikuwa kujua ni mche upi umeirithi. Ilibidi kuupanda kwenye udongo wenye minyoo, kungoja wiki kadhaa, kisha kuung'oa. Mwaka 1974 Rick na mwenzake waligundua kwamba kinga hiyo hurithiwa pamoja na aina fulani ya kimeng'enya. Kipande cha jani kilitosha kupima maabara, na mche ukabaki mzima. Hiyo ndiyo wataalamu wanaita alama ya kijeni, na wazalishaji wa mbegu waliitumia sana.

Kwenye pakiti, herufi N baada ya jina la mbegu, mfano VFN, huonyesha kinga hiyo. Ila udongo ukizidi nyuzi joto 28 kinga hulegea, kwa hiyo wa maeneo ya joto endeleeni kubadilisha mazao.

Rick alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 87. Hifadhi ya mbegu aliyoianzisha Davis ina jina lake, na watafiti bado huagiza mbegu hapo.