NAT KING COLE NA NYIMBO ZA MASHAMBA

Nathaniel Adams Coles alizaliwa tarehe 17 Machi, 1919, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka minne wazazi wake walihamia Chicago. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibatisti, na mama yake alikuwa mpiga kinanda kanisani. Mama huyo ndiye aliyemfundisha mwanawe piano.

Mwaka 1937 kijana huyo, ambaye sasa alijulikana kwa jina la Nat King Cole, aliunda kundi la watu watatu huko Los Angeles: mmoja wa piano, mmoja wa gitaa na mmoja wa besi. Wimbo uliowapatia sifa mwaka 1944 ulitokana na ngano aliyoisikia katika mahubiri ya baba yake. Tai aliwadanganya wanyama wapande mgongoni mwake, kisha akawaangusha na kuwala. Siku moja alimpakia kima. Kima akamzungushia mkia shingoni, na tai hakuwa na budi kuruka sawasawa.

Baadaye Cole aliiacha piano mara kwa mara akasimama kuimba. Sauti yake ilikuwa nyororo, na kila neno lilisikika wazi. Mwaka 1950 santuri yake ya "Mona Lisa" ilipendwa sana.

Lakini sifa haikumkinga na ubaguzi. Mwaka 1948 aliponunua nyumba katika mtaa wa matajiri wa Los Angeles, majirani wazungu walijaribu kumzuia. Hata hivyo alihamia. Tarehe 10 Aprili, 1956, alikuwa akiimba Birmingham, katika jimbo lile lile alilozaliwa, mbele ya wazungu watupu. Mara watu wakarukia jukwaani wakamwangusha. Weusi wenzake nao walimlaumu kwa kukubali kuimba mahali ambapo wao walitengwa. Basi akaumizwa na hawa, akalaumiwa na hawa. Mwaka huo huo alianza kipindi chake katika televisheni, lakini makampuni makubwa yaliogopa kukidhamini, na kikaisha Desemba 1957.

Hata ulipofika mwaka 1962, Cole alifanya jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Marekani kuna nyimbo ziitwazo kantri, zilizokulia kwa watu wa mashamba ya kusini, zenye gitaa, fidla na visa vya mapenzi na kuagana. Watu wengi wa mjini waliziona za kishamba, na wauza santuri walizihesabu kuwa mali ya wazungu. Mapema mwaka huo Ray Charles, mweusi na kipofu, alikwisha kuonyesha kwamba hazina rangi. Naye Cole akatoa santuri ndefu ya mtindo huo, iitwayo "Ramblin' Rose". Hakuiga lafudhi ya mtu yeyote. Aliimba kwa sauti yake mwenyewe, polepole, na kwaya ikimwitikia nyuma. Wimbo uliobeba jina la santuri hiyo ulifika nafasi ya pili Marekani, na santuri zake zaidi ya milioni moja ziliuzwa.

Mtu aliyeangushwa kusini aliuchukua muziki wa kusini akauimba kwa heshima. Hakuwa amesahau yaliyompata. Bali hakukubali kwamba wale waliomrukia ndio wenye muziki huo.

Cole alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Tarehe 15 Februari, 1965, alifariki huko Santa Monica kwa saratani ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 45 tu. Hilo nalo ni funzo kwetu.

Ndugu wanafunzi, chuki haina dawa moja. Wengine huishinda kwa hotuba, wengine kwa sheria. Mtu huyu alikuwa na sauti, akaitumia mpaka mwisho.