Archimedes na Taji la Mfalme

Nilipowaona wachimbaji wa Kyerwa wakiosha mawe ya bati, maji yakichukua mchanga na bati likibaki chini, nilimkumbuka Archimedes. Bwana huyu, bingwa wa hesabu, alizaliwa Syracuse, kisiwani Sicily, yapata mwaka 287 kabla ya Kristo. Yasimuliwa kwamba Mfalme Hiero alimshuku sonara kuwa amechanganya fedha katika taji lake la dhahabu. Archimedes akalitumbukiza taji majini, kisha dhahabu ya uzito uo huo. Taji likamwaga maji mengi zaidi, na wizi ukafichuka. Kwa ujazo mmoja, dhahabu ina uzito mara 19 ya maji, fedha mara 10, mawe ya bati karibu 7, mchanga hata 3 haufiki. Archimedes aliuawa na askari wa Kirumi mwaka 212 kabla ya Kristo, mji wake ulipotekwa. Wenzangu wa Karagwe na Kyerwa, tujifunze kupima. Asiyejua kupima huuza bati kwa bei ya mchanga.