Sørensen na Kipimo cha Asidi

Ukisafiri kutoka Ifakara kwenda Mikumi, utapita Kidatu, karibu na mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Kilombero. Miwa ikikamuliwa hutoa maji matamu. Ingawa ni matamu, maji hayo yana asidi kidogo. Yakichemshwa hivyo hivyo, sehemu ya sukari huvunjika na haiwezi tena kuwa chembe za sukari. Kwa hiyo mafundi huyatia chokaa, ambayo ni besi, ili kuiondoa asidi. Chokaa ikipungua, sukari hupotea. Chokaa ikizidi, maji ya miwa huwa meusi. Je, mafundi hujuaje kiasi kinachofaa? Hutumia kipimo kilichobuniwa na Søren Sørensen.

Sørensen alizaliwa tarehe 9 Januari, 1868, huko Havrebjerg, nchini Denmark. Baba yake alikuwa mkulima. Alipoingia Chuo Kikuu cha Copenhagen alikusudia kuwa daktari, lakini alivutiwa na kemia, akabaki huko. Mwaka 1901 akawa mkuu wa idara ya kemia katika maabara ya Carlsberg, mjini Copenhagen. Mkewe, Margrethe, alifanya kazi pamoja naye.

Katika uchunguzi wake, Sørensen aliona kwamba asidi ikibadilika kidogo tu, matokeo ya majaribio yake yalibadilika pia. Alihitaji kuipima asidi kwa usahihi. Lakini wakati ule kiasi cha asidi kiliandikwa kwa tarakimu ndefu zenye sifuri nyingi. Mwaka 1909 alitoa njia fupi, nayo ikaitwa pH.

Katika kipimo hicho, maji safi yana pH 7. Kitu chenye pH chini ya 7 ni asidi. Chenye pH juu ya 7 ni besi. Lakini jihadhari! Kila hatua moja ni mara 10. Maji ya miwa yenye pH 5 yana asidi mara 10 kuliko yenye pH 6, na mara 100 kuliko maji safi.

Hata hivyo, pH peke yake haikuambii utie chokaa kiasi gani. Kwanza chukua lita 1 ya maji ya miwa. Tia chokaa kidogo kidogo, ukipima, mpaka pH ifike 7. Tuseme imehitajika gramu 1. Basi tangi la lita 2,000 litahitaji gramu 2,000, yaani kilo 2.

Sørensen alifariki tarehe 12 Februari, 1939. Kipimo chake kingali kinatumika viwandani, hospitalini na katika kupima udongo wa mashamba.

Zoezi: Lita 1 ya maji ya miwa imehitaji gramu 2 za chokaa. Je, tangi la lita 500 litahitaji kilo ngapi?